Gari linachemka na kumaliza maji: tafuta kwanza yanakokwenda

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lile lile. "Mshale umepanda nikiwa kwenye msongamano wa Mombasa Road, ninunue thamostati?" "Naongeza maji kila asubuhi na chini ya gari ni pakavu, ni rejeta?" "Fundi anasema gasketi imekwenda, nimwamini?" Jibu langu kwa wote: usinunue kitu bado.

Maji ya injini hayaishi hivi hivi. Mfumo umefungwa, na gari zima linaweza kumaliza mwaka bila kudai hata kikombe. Yakipungua, yapo yalikokwenda, na ni mahali patatu tu. Yamemwagika nje, yameingia ndani ya injini, au yamechemka yakatokea kwenye kifuniko. Ukishajua ni wapi kati ya hapo, kipuri kitajitaja chenyewe.

Nayasema haya kwa kuwa nilishalipa karo. Gari langu la kwanza, Vitz ya mtumba, lilivishwa thamostati mpya (kivalvu kinachofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto), kisha rejeta nyingine (kile kipoza maji cha mbele), na bado likaendelea kunywa maji kama ngamia. Kilichokuwa kibovu ni mpira mwembamba ulio ndani ya kifuniko cha rejeta, kipuri cha bei ndogo kuliko vyote nilivyokuwa nimeuziwa.

Nadharia ya dakika moja, kisha tuchafue mikono

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sufuria ya maji hapa huchemkia karibu nyuzi 94, wala si 100 kama Mombasa. Injini ikifanya kazi yake ya kawaida hukaa kati ya nyuzi 85 na 100. Kwa hiyo maji matupu, bila shinikizo, yangechemka hata kwenye injini nzima isiyo na kasoro. Kinachoyazuia ni kifuniko. Tazama juu yake utaona 0.9 au 1.1, ndicho kipimo cha shinikizo kinachoshikilia kabla ya kuachia. Shinikizo hilo husukuma kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110, na kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, huongeza kidogo tena. Kifuniko kilicholegea, ambacho Mombasa kingevumilika kwa muda, hapa kinakuumbua mapema, na ukipanda Limuru kinakuumbua mapema zaidi.

Tafuta hivi kabla ya kuanza

- Tochi kali, na kipande cha katoni safi cha kutandika chini ya injini usiku.
- Glavu, kitambaa kinene, na kalamu ya kuweka alama kwenye chupa ya akiba.
- Lita 4 au 5 za kulanti ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari, au maji yaliyotoneshwa (yaliyoondolewa chumvi) kama bado unachunguza tu.
- Bisibisi, koleo la klipu, na spana ya plagi.
- Pampu ya kupimia shinikizo la rejeta. Si lazima uinunue. Mafundi wengi wanayo, na kupimiwa ni kazi ya nusu saa.
- Kisomeo kidogo cha OBD, kinachosoma kompyuta ya gari na kuungana na simu. Hiki nakisisitizia kwa wenye Vitz, Passo na magari mengine yasiyo na mshale wa joto. Taa ya buluu huwaka injini ikiwa baridi, ikizima unadhani mambo ni shwari, halafu nyekundu inawaka na hedi (chuma kinachofunika silinda kwa juu) imeshaanza kupinda. Hata magari yenye mshale hayasemi kila kitu, kwa sababu mengi yametengenezwa mshale ukae katikati ijapokuwa joto linapanda na kushuka.

Onyo moja kabla ya hatua ya kwanza, na sitalirudia: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yaliyo chini ya shinikizo hulipuka kuwa mvuke mara kifuniko kinapolegea, na uso wako ndio uko juu yake. Subiri saa nzima au zaidi, hadi uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta (bomba la maji) na kuukaza mkononi bila kuungua wala kuhisi ugumu.

Hatua ya 1: Jaza, weka alama, pima

Asubuhi, gari likiwa baridi na limesimama sehemu tambarare, fungua kifuniko cha rejeta chenyewe. Wengi huangalia chupa ya akiba tu, wakaiona imejaa, wakaridhika. Chupa inaweza kujaa huku rejeta ikiwa nusu. Jaza rejeta hadi shingoni, jaza chupa hadi mstari wa juu, chora alama na uandike kilomita. Endesha siku mbili tatu njia zako za kawaida, kisha pima umeongeza kiasi gani.

Kikombe kimoja kwa mwezi kinakupa nafasi ya kuchunguza taratibu. Lita moja kwa siku ni hali nyingine. Gari lisiende mbali zaidi ya kwa fundi.

Hatua ya 2: Linachemka wapi?

Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu hatua hii haina gharama na inakata nusu ya washukiwa.

Likichemka kwenye msongamano na kupoa ukipata barabara wazi, shuku feni. Gari likitembea, upepo wa njiani unaifanyia feni kazi yake. Likisimama Jogoo Road saa kumi na moja jioni, feni iko peke yake.

Likitulia mjini lakini likapandisha joto kwenye kasi ya Thika Road, au ukikwea kutoka Mai Mahiu, shuku mzunguko wa maji: rejeta iliyoziba ndani, thamostati isiyofunguka vizuri, pampu ya maji iliyochoka, au mpira wa chini unaonywea kwa kufyonzwa.

Likichemka popote, dakika chache tu baada ya kuwasha, ama maji yameisha, ama kuna hewa iliyonaswa, ama thamostati imekwama imefungwa, ama gasketi ya hedi (kizibo bapa kilicho kati ya hedi na injini) inapitisha moshi wa silinda kwenye maji.

Na kama halichemki kabisa ila maji yanapungua? Hilo ni vujo tu kwa sasa. Gari kuchemka ni suala la muda.

Hatua ya 3: Kifuniko

Kitoe gari likiwa baridi na ukitazame upande wa ndani. Mpira usiwe umepasuka, umekauka au kuacha alama ya kina. Springi irudi kwa nguvu ukiibonyeza. Kile kivalvu kidogo cha katikati kivute kwa kucha: kifunguke, kisha kijirudishe. Hicho ndicho kinachoruhusu maji yarudi kutoka chupa ya akiba injini inapopoa. Kikikwama, utaona mpira wa rejeta umejikunja kama umefyonzwa, na chupa imejaa pomoni huku rejeta ikidai maji.

Ukinunua kipya, linganisha namba. Kirinyaga Road utapewa cha 0.9 na cha 1.1 kutoka kwenye kisanduku kimoja, na muuzaji akwambie "vyote ni sawa, bosi". Si sawa. Kifuniko kizito kuliko kilichoandikiwa gari lako hupeleka shinikizo kwenye plastiki ya rejeta yenye miaka 12.

Hatua ya 4: Vujo la nje

Tandika katoni usiku, asubuhi usome doa. Mbele kabisa ni rejeta. Upande wenye mikanda mara nyingi ni pampu ya maji. Nyuma, karibu na ukuta wa kabini, ni mipira ya hita au mabomba ya nyuma ya injini. Maji safi yasiyo na rangi wala harufu, hasa ukitoka kuwasha kiyoyozi, si kulanti. Ni unyevu wa kiyoyozi, usihangaike.

Vujo dogo hukauka kabla ya kudondoka. Tafuta basi chumvi yake: utando mweupe, wa waridi au wa kijani, mgumu kama magadi, kwenye maungio ya mipira, kwenye mshono wa plastiki na alumini ya rejeta, na chini ya pampu ya maji. Pampu ina tundu dogo la makusudi. Sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo. Ukiona mstari mkavu wa rangi chini ya tundu hilo, pampu inaaga.

Ingia pia ndani ya gari. Zulia la mbele likiwa na unyevu unaonata, kioo kikipata ukungu wenye harufu tamu ukiwasha hita, basi ni rejeta ndogo ya hita. Hii hutupita wengi hapa kwa sababu hita tunaikumbuka Julai peke yake.

Kama macho hayakuona kitu, pampu ya shinikizo sasa. Injini ikiwa baridi, ifunge kwenye shingo ya rejeta na upandishe shinikizo hadi namba ya kifuniko, usizidishe. Ngoja dakika 15. Mshale wa pampu ukishuka na kuna mahali panatona, umepata. Ukishuka na nje ni pakavu kabisa, maji yanaingia ndani; ruka hadi hatua ya 7. Usipotikisika, bado usiape: kuna nyufa zinazofunguka injini ikipata moto tu.

Hatua ya 5: Feni

Washa injini, washa kiyoyozi. Kwenye magari mengi ya Japani feni inapaswa kuzunguka papo hapo au muda mfupi baadaye. Kisha zima kiyoyozi, acha injini iunguruke hadi ipate moto, na usome joto kwenye simu: feni ianze yenyewe kabla ya nyuzi 100 au kuzipita kidogo, na joto lianze kushuka. Isipoanza, angalia fyuzi, badilishana rilei yake (swichi ndogo ya umeme) na nyingine inayofanana kwenye kisanduku hicho hicho, kisha waya na mota. Weka vidole mbali, kwani feni ya umeme huweza kuanza hata funguo ikiwa mfukoni mwako.

Hiace na Prado zenye feni inayoendeshwa na injini zina kitovu chenye mafuta mazito. Zima injini ikiwa na moto, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka huru mizunguko kadhaa bila kizuizi, kitovu kimekufa.

Ukiwa hapo, mulika kati ya kondensa ya kiyoyozi (wavu wake wa kupozea) na rejeta. Matope ya barabara za mtaani, majani na wadudu hujenga blanketi pale, na feni nzuri haiwezi kupumua kupitia blanketi. Osha kwa maji ya shinikizo dogo kutokea upande wa injini kwenda mbele.

Hatua ya 6: Thamostati na mzunguko

Injini ikishapata moto, gusa kwa tahadhari mpira wa juu na wa chini. Wa juu ukiwa wa kuunguza na wa chini ukabaki baridi wakati joto linaendelea kupanda, maji hayapiti: thamostati imefungwa au rejeta imeziba.

Thamostati ijaribu jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji na uisubiri ifunguke. Ile iliyochapwa 82 itaanza kuachama karibu na hapo. Lakini kumbuka uko Nairobi: maji yako hayatafika 100. Thamostati ya 88 inaweza kufunguka nusu tu maji yakiwa yanatokota, na ni nzima. Usiitupe kwa kosa la mwinuko.

Sasa niseme lililonijaa. Ule mtindo wa kung'oa thamostati na kuitupa, "huku kwetu ni joto, haihitajiki", uache. Kwenye injini nyingi thamostati ikifunguka pia huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemka vile vile mlimani. Mjini nako injini inabaki baridi, inakunywa petroli, na oili inachafuka haraka. Kama gari ni la mtumba, fungua uhakikishe ipo. Utashangaa.

Hatua ya 7: Je, ni gasketi ya hedi?

Usikubali hedi itolewe kwa dalili moja. Nataka angalau mbili kati ya hizi:

- Umewasha injini baridi, kifuniko kikiwa wazi, na mapovu yanakuja mfululizo bila kukoma. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu.
- Mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto.
- Asubuhi injini inatetemeka kama ina silinda moja pungufu, kisha inatulia na kutoa moshi mweupe mzito wenye harufu tamu. Mvuke mwepesi wa asubuhi za Julai unaoisha baada ya dakika chache ni kawaida.
- Plagi moja imetoka nyeupe na safi kupita wenzake, kana kwamba imeoshwa.
- Oili kwenye kijiti cha kupimia imekuwa kama chai ya maziwa. Utando mdogo chini ya kifuniko cha oili peke yake hautoshi. Gari la safari fupi huupata.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kile cha kimiminika cha buluu. Hewa ya juu ya maji ya rejeta hufyonzwa ikapitishwa ndani yake. Ikiwa na moshi wa silinda, buluu hugeuka manjano kwa injini ya petroli. Punguza maji ya rejeta kidogo kwanza, kwani yakiingia kwenye kipimo yanakiharibu. Mwambie fundi wazi: "Fundi, nipimie nione rangi kabla hatujafungua." Fundi mzuri hatachukia.

Jambo moja halihusu gasketi ila hufanana nayo. Kwenye gari la otomatiki, mafuta ya gia hupozwa ndani ya rejeta. Ukikuta maji yamegeuka mtindi wa waridi, kipoza hicho kimetoboka. Gari lisisogee hata mita kumi, maana maji yakiingia kwenye gia gharama itazidi ya injini.

Hatua ya 8: Kujaza na kutoa hewa

Umeshatengeneza. Egesha pua ya gari ikitazama mlima kidogo, hita iwe kwenye moto kabisa. Jaza polepole ukibinyabinya mipira. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, endelea kuongeza maji yanaposhuka, hadi mpira wa chini upate moto na feni izunguke mara mbili. Kama injini ina skrubu ya kutolea hewa, ifungue hadi maji yatoke bila mapovu. Subaru ni wabishi kwa hewa, wape muda. Hita ikitoa upepo baridi wakati injini ni moto, hewa bado imo.

Makosa ninayoyaona kila mara

Maji ya kisima. Yale tunayoyaita ya chumvi, yanayoacha utando kwenye birika, huacha utando huo huo ndani ya rejeta. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari, au nzito iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa.

Kuomba "maji ya betri", yaani yaliyotoneshwa, kwenye kituo cha petroli na kupewa asidi. Soma chupa. Vyote viwili vinauzwa kwa ajili ya betri.

Kuchanganya kulanti kwa kufuata rangi. Rangi ni dawa ya kutia rangi tu, haina maana ya aina moja kati ya kampuni na kampuni. Usipojua iliyomo, mwaga yote na uoshe.

Dawa ya kuziba mavujo. Huziba tundu, na huziba pia hita na vijia vya rejeta. Ya kukufikisha nyumbani, labda.

Kumwaga kulanti kwenye mtaro. Ni sumu na ina utamu. Mbwa na watoto huionja. Kinga kwa beseni.

Limekuchemkia njiani

Zima kiyoyozi, washa hita moto kabisa na feni yake mwisho. Ni mateso lakini inaondoa joto. Tafuta pa kuegesha mara moja. Mshale ukigusa wekundu, zima injini, usisubiri kituo kinachofuata. Fungua boneti, acha kifuniko kilivyo. Usiimwagie injini maji baridi, iwe kwa nje au kwa ndani, maana hedi ya alumini hupasuka au kupinda. Ikipoa, ongeza kidogo kidogo.

Bado linasumbua?

*Rejeta mpya, thamostati mpya, na linachemka mlimani tu.* Angalia mpira wa chini mtu akikanyaga mafuta. Ukinywea, umechoka. La sivyo ni pampu, au gasketi inayovuja chini ya mzigo.

*Maji yanapungua, vipimo vyote safi.* Rudia pampu ya shinikizo injini ikiwa vuguvugu. Kwa dizeli, shuku kipoza cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini). Kwa RAV4 ya injini ya 2AZ, mulika nyuma ya injini: nyuzi za bolti za hedi upande ule hung'oka na maji yakavuja yasionekane mbele.

*Chupa ya akiba inafurika lakini rejeta inapungua.* Kifuniko, au mpira mdogo wa chupa una tundu na unafyonza hewa badala ya maji.

*Hedi ilishatengenezwa na imerudia.* Uliza kama ilipimwa kwa rula ya chuma kabla ya kurudishwa. Injini nyingi za Toyota hazikubali mpindo unaozidi milimita 0.05, ambao jicho haliuoni. Uliza pia kama bolti zilikazwa kwa spana yenye kipimo na kwa mpangilio wa kitabu, kama zilikuwa mpya pale kitabu kinapotaka mpya, na uombe uione ile gasketi ya zamani. Mahali ilipoungua ndipo pa kuanzia.